Nafasi ya Crisanto Katika Picha

Juni 11, 1934

Mvua imeingia rasmi leo, na mke wangu, Primitiva, amenipa daftari. Anasema kila masika mimi humlalamikia yeye kuhusu ukungu wa lenzi, unyevu wa vioo na wateja waliopotea, na kwamba mwaka huu nikaliambie daftari, maana lenyewe halina chungu jikoni. Haya. Daftari, mimi ni Policarpo Ragasa, mpiga picha pekee wa mji wa Nagsabaran, mtu wa makamo, tumbo langu hunitangulia mlangoni kama mjumbe. Watu huniita Karpo wa Majeneza. Sio matusi. Tangu vijana wetu waanze kwenda Hawaii kukata miwa, hapa hazikwi mtu bila kupigwa picha kwanza, jamaa wote wamemzunguka, ili walioko ng'ambo waone kwa macho yao kwamba mzee amekwenda kweli na kwamba alivishwa viatu.

Ubaya wake ni kwamba walio hai hawanitaki. Kamera ninayo moja tu, na wanasema inanuka mishumaa. Kwa hiyo nina vitambaa viwili vya kujifunika kichwa ninapopiga: cheusi cha misiba na chekundu cha arusi. Watu wakikiona chekundu huamini ni kamera nyingine. Primitiva ndiye aliyevishona, na hajamwambia mtu.

Juni 14

Mvua.

Juni 17

Arusi. Nilibeba kitambaa cheusi kwa makosa. Bibi arusi alilia sana, na wageni wakadhani ni furaha. Mama yake hakudhani hivyo.

Juni 20

Tumekwenda kumwona mama mkwe wangu, Nana Eusebia, anayeishi na mwanawe wa kwanza, Hermogenes, upande wa pili wa mashamba ya mpunga. Kifua kimembana tangu mvua ianze. Tulimkuta dirishani anavuta sigara yake nene, upande wa moto ukiwa ndani ya mdomo kama wavutavyo bibi wote wa huku, na hata hivyo hakushindwa kunisema.

"Karpo, umekuja kunipima?"

"Nimekuja kukusalimu, Mama."

"Mbona umeniangalia kuanzia miguuni? Sijafika bado. Rudi baadaye."

Primitiva akacheka. Hermogenes hakucheka. Hermogenes hacheki. Nimekuwa shemeji yake miaka ishirini na miwili na meno yake nimeyaona mara mbili, mara moja ikiwa ni siku ya kung'olewa jino. Hakuoa. Analima, anafuga jogoo wa kupigana, anakaa na mama yake. Kila nikimtazama naona jiwe la kusagia lililovaa kofia.

Ukutani pao kuna picha niliyopiga siku ya maziko ya baba yao. Mzee yumo jenezani mbele ya mlango wa kanisa, jeneza limeinuliwa upande wa kichwani kama ilivyo desturi, ili uso uonekane. Watoto wamejipanga kwa umri: Hermogenes, Primitiva, halafu kitinda mimba, Crisanto, ambaye siku hiyo alikuwa Hawaii. Kwa mtoto aliye mbali huwa tunaacha nafasi ya mtu mmoja, kisha mimi namkata kutoka kwenye picha yake yoyote na kumbandika pale. Crisanto alikuwa ametuma picha moja tu: suti nyeupe, gitaa dogo mkononi, anacheka mpaka ufizi unaonekana. Nilimsihi Nana tungoje nyingine. Akasema, "Mweke kama alivyo. Ndivyo nilivyomzaa." Basi yumo mpaka leo, anamchekea marehemu baba yake, gitaa mkononi. Hermogenes akipita mbele ya picha ile hupita upande wa pili wa chumba, kama mtu anayemkwepa mbwa.

Nana mwenyewe mle pichani amejifunika uso kwa leso. Na hiyo ndiyo picha pekee aliyopata kupigwa maishani mwake.

Juni 28

Jua lilitoka kidogo. Sikuwa na mteja. Nimempiga picha paka.

Julai 5

Tabibu ametoka kwa Nana. Alituita uani, akazungusha kofia yake mikononi. Mapafu. Anaweza kufika mwisho wa mvua, na anaweza asifike.

Njiani Primitiva alitangulia mpaka tulipovuka daraja. Kisha akasema, "Crisanto aliondoka ana miaka kumi na saba. Hana picha ya uso wa mama."

"Atapata ile ya..."

"Ya jeneza. Na pamba puani. Ndiyo atakayobaki nayo, Karpo? Ndiyo atakayoitundika kule kambini mbele ya wenzake?"

Nikahamishia mwamvuli upande wake.

"Mpige sasa," akasema. "Akiwa anapumua."

Miaka yote hii mke wangu hajaniomba picha. Huniomba kuni, huniomba nikate kucha. Nimemwambia nitajaribu.

Julai 6

Nimekwenda peke yangu.

"Mama, nataka kukupiga picha."

"Nikifa."

"Sasa hivi. Ya Crisanto."

"Hiyo kamera imelala na maiti wote wa mji huu. Na mimi nikalale nayo?"

"Nitakuja na ile ya kitambaa chekundu."

Alinitazama kwa huruma. "Hicho kitambaa kilikuwa sketi yangu, Karpo. Nilimpa Primitiva mimi mwenyewe."

Nikanywa maji.

"Tena kuna haja gani ya kusumbuana," akaendelea. "Nikifa si utanichora macho? Ulimchorea yule Tata Anselmo."

Ni kweli nilimchorea. Watoto wake waliomba sana, nikapaka rangi juu ya kope zilizofumba, na mzee wa watu akatoka kama aliyeshtuliwa usingizini na kuambiwa nyumba inaungua. Nikamwambia hivyo.

"Basi mimi nichore vizuri zaidi. Unajua macho yangu yana rangi gani?"

Nikainua kichwa.

"Usiniangalie. Angalia nje huko. Sema."

Nikaangalia mvua. Nimekula kwa mwanamke huyu miaka ishirini na miwili. Najua anavyopenda samaki wake, najua goti lipi linamuuma. Lakini huku mkwe hamkodolei macho mama wa mkewe, na mimi nimekuwa mkwe mwenye adabu.

"Meusi," nikasema.

"Meusi ni ya paka wako. Haya, niangalie."

Nikamwangalia. Ni ya kahawia, kahawia ya jani la tumbaku lililoning'inia darini likaanza kukauka, na kandokando yake kuna duara jembamba la kijivu, kama pete. Jicho la kushoto lina doa dogo pembeni. Nilipoyaona yote hayo yakajaa maji, ama yalikuwa yangu.

"Utaweza kuchora hayo?"

"Siwezi, Mama."

"Basi njoo Jumapili."

Julai 8, Jumapili

Nilikwenda. Nikapanga kiti karibu na dirisha, nikawaweka: Nana katikati ameketi, Hermogenes nyuma ya bega moja, Primitiva nyuma ya lingine. Hermogenes akahesabu kwa kidole, akatoka pale aliposimama.

"Tuko watatu," akasema.

Nilikuwa nimesahau. Picha ya watu watatu, wa katikati hutangulia kufa. Kila mtu hapa anajua, hata padri, ingawa husema hajui.

"Hatuko watatu," Nana akasema. "Tuko wanne. Na Crisanto."

"Crisanto hayupo, Mama."

"Atabandikwa."

"Leo hayupo. Leo tuko watatu na wewe uko katikati." Hermogenes akavaa kofia. "Mimi sikuui kwa ajili ya picha ya mtu."

Akashuka ngazi akaenda shambani, na mvua inanyesha. Nikamwambia Primitiva kwamba kaka yake ana kichwa cha nyati. Akaniambia nikunje miguu ya kamera.

Julai 15

Mto umefurika. Hatukuvuka.

Julai 18

Mvua, mvua. Nimejifungia chumba cha giza nafuta ukungu kwenye vioo vya zamani, vile vya kunasia picha. Wengi waliomo wamefumba macho. Ukivipanga kwa miaka utaona jinsi wafu walivyobadilisha mikao. Fundi aliyenifunza, mzee wa Vigan aliyejifunza kwa Wahispania, aliwaketisha. Mtoto alipakatwa na mama yake kana kwamba amesinzia tu. Bwana mkubwa aliegemezwa kitini, gazeti mkononi, na nyuma ya kiti amechuchumaa mtu anayemshikilia ukosi wa koti asidondoke. Mtu huyo nilikuwa mimi. Katika baadhi ya picha utaona vidole vyangu.

Baadaye watu walichoka kujidanganya. Maiti akalazwa kitandani kati ya maua. Kisha likaja jeneza, kisha mlango wa kanisa na ukoo mzima nyuma yake. Na tangu Hawaii, karibu kila picha ina pengo. Ninayo moja yenye mapengo manne. Ukiitazama haraka utadhani ni kinywa cha mzee.

Na jambo moja halijabadilika. Kwenye mwanga hafifu, kioo kinapohitaji muda, anayetoka safi kabisa ni marehemu. Walio hai hupumua, hulia, hujikuna. Hutoka kama moshi. Yeye katikati anatoka kila uzi wa shati.

Julai 22

Jumapili. Giza tangu asubuhi. Nana alikuwa amevaa kabisa, blauzi ya mikono mipana, nywele zimepakwa mafuta. Nilimwambia mwanga hautoshi.

"Tumia ule unga wako wa kuwaka."

Nikamkumbusha kwamba mara ya mwisho niliuwasha kwenye msiba na dari ya nyasi ikashika moto, wafiwa wakakimbia, wakamwacha marehemu peke yake.

"Naye hakukimbia," akasema. "Huyo ndiye aliyekuwa na akili."

Amekonda.

Julai 29, Jumapili

Tumepiga.

Mawingu yalipasuka kidogo baada ya misa na mwanga ukaingia dirishani, mweupe, wa maji-maji. Nikafunga kamera kwenye miguu yake upesi. Nyumba ile sakafu yake ni mianzi, mtu akitikisa kidole cha mguu jikoni lenzi inaruka sebuleni, kwa hiyo nilimwomba kila mtu asimame pale pale atakapokuwa.

Hermogenes hakuwepo. Primitiva akasema tupige bila yeye. Nana akasema, "Ngoja."

Tukangoja. Mwanga unakwenda, mimi najikuna. Ndipo tukasikia ngazi zinalia, akaingia Hermogenes amevaa shati jeupe la kanisani, miguu ina tope mpaka magotini, na mkononi amempakata jogoo wake.

"Huyu ndiye wa nne," akasema. Hakutabasamu hata kidogo.

Nana alimtazama jogoo, akamtazama mwanawe. "Na Crisanto?"

"Mwachie nafasi yake ukipenda, Mama. Mimi nimeleta wa kwangu wa kuhesabika."

"Basi tuko watano," Nana akasema. "Picha gani ya watano inaua mtu? Karpo, anza."

Hermogenes akasimama upande wa kulia wa mama yake na jogoo kifuani. Primitiva upande wa kushoto. Baada ya Primitiva, karibu na dirisha, tukaacha nafasi ya mtu mmoja. Nikajifunika kitambaa chekundu. Kilikuwa sketi yake, na leo kwa mara ya kwanza nilihisi hivyo nikiwa ndani yake.

"Hermogenes, usipumue. Primi, kidevu chini, tulia. Jogoo, na wewe tulia." Nikafungua lenzi, nikaanza kuhesabu kwa sauti, kama ninavyofanya kanisani. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nikafunga. Jogoo hakutikisa hata ushungi.

Nana akaomba sigara yake. Nilirudi nyumbani chini ya mvua, kioo nimekiweka tumboni ndani ya shati, na tumbo likapata kazi ya maana.

Julai 30

Nimesafisha picha. Hermogenes ametoka, kila uzi wa shati. Primitiva ametoka. Jogoo ametoka kama wa kuchongwa. Nana amesogea.

Ana nyuso mbili. Mmoja unatazama mbele, mwepesi kama pumzi kwenye kioo. Wa pili umegeuka upande, na mabega yamegeuka nao. Kupitia zote mbili unaona ukuta.

Nimekaa gizani muda mrefu. Niliwaambia wote watulie. Nilimwambia hata kuku. Yeye pekee sikumwambia, maana kazini kwangu aliye katikati haambiwi.

Sijamwambia Primitiva.

Agosti 2

Primitiva aliona mwenyewe, akanituma nikapeleke kioo kwa mama yake na nikaseme kwa kinywa changu. Nana akakiinua dirishani.

"Huyu nani?"

"Wewe, Mama."

"Na huyu?"

"Wewe vilevile. Ulisogea."

"Hukuniambia nisisogee."

"Mama, walio katikati huwa... siwaambii."

Ilimchukua kitambo, halafu akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, Hermogenes akaja mbio kutoka uani na jembe mkononi, akadhani nimemfanya nini.

Alipopata pumzi nikamuuliza alikuwa anatazama nini.

"Si ulikuwa unahesabu? Nikahesabu na wewe. Moja, Hermogenes. Mbili, Primitiva. Ulipofika tatu nikamwangalia wa tatu."

Nikashika kioo changu.

"Imeharibika," nikasema. "Jua likitoka tutapiga nyingine."

"Jua likitoka," akasema.

Agosti 5

Jumapili. Mvua.

Agosti 12

Jumapili. Mvua.

Agosti 17

Nimepeleka dawa. Mlango ulikuwa wazi na sakafu haikulia, labda kwa sababu nimevua viatu. Hermogenes alikuwa amepiga magoti nyuma ya mama yake anamchana nywele. Vile vidole vya jembe, anavitumia kama anashika yai. Akifika kwenye fundo anashikilia nywele juu yake kwanza, ili zisivute ngozi, ndipo anachana. Nana alikuwa amesinzia.

Nilirudi chini ngazi mbili, nikakohoa, nikapanda upya.

Tulikaa uani chini ya paa la zizi. Akanimiminia pombe ya miwa. Kisha akasema, "Shemeji, unajua kwa nini siipendi ile picha ya baba?"

"Kwa sababu ya gitaa."

"Gitaa halina neno. Siku ile mimi ndiye niliyembeba baba. Nilichimba, nikalipia... basi, nilifanya yote. Nikasimama pale mvua inaninyeshea. Na kila anayeingia nyumbani humu akiitazama anasema, tazama Crisanto anavyocheka." Akanywa. "Hakuna aliyewahi kusema, tazama Hermogenes."

Aliyembandika Crisanto ni mimi, na nilimweka mbele kidogo, apendeze.

"Usiku namgeuza mama ubavu," akasema. "Ananiita Crisanto. Naitika."

Agosti 26

Jumapili. Mwanga ulitoka tukiwa kanisani ukaisha tulipotoka.

Septemba 2

Nana hawezi tena kuketi bila kushikiliwa. Nilibeba kamera, nikairudisha. Aliniona. Akasema, "Karpo, ukiniketisha kitini na mtu nyuma ananishika ukosi, nitakufukuza hata nikiwa maiti."

Ndipo nikajua Primitiva humsomea daftari hili. Sawa. Mama, kama unasikiliza: sitakuketisha.

Septemba 8

Kimbunga. Bati la jirani limeruka na kutua kwenye studio yangu. Daraja limekwenda. Primitiva alikuwa kwa mama yake tangu jana. Mimi niko upande huu peke yangu na paka.

Septemba 10

Nimevuka kwa mtumbwi. Nimemkuta Nana amekwisha kufa, alfajiri, katikati ya upepo. Primitiva alimshika mkono mmoja, Hermogenes mwingine. Nilimuuliza Primitiva kama mama alisema chochote. Akasema aliuliza kama mvua imeacha, Hermogenes akamwambia imeacha.

Haikuwa imeacha. Sijapata kusikia Hermogenes akisema uongo.

Septemba 12

Mbele ya nyumba yenye maiti gogo huwaka mchana na usiku, wala halizimwi mpaka azikwe. Kwa mvua hii kila mtu alisema msiba huu utasamehewa. Hermogenes amevua vazi lake la mvua la majani, akalitandaza juu ya gogo kwa miti minne, naye amekaa kando yake analowa. Nimemletea mwamvuli. Akaushika juu ya moto.

Ndani, Primitiva anamwombolezea mama yake kwa wimbo, kama inavyopasa, anamsimulia maisha yake yote, pamoja na ile siku alipomfukuza kwa mchi wa kutwangia mtu wa kwanza aliyekuja kumposa Primitiva. Wageni wakageuka kunitazama. Nilikuwa mimi huyo.

Septemba 13

Tumemzika. Kabla ya hapo, picha.

Wakaliinua jeneza mlangoni pa kanisa. Wamemvisha ile blauzi ya mikono mipana, na Hermogenes ndiye aliyemchana. Mpishi wa padri alinishikia mwamvuli juu ya kamera. Nilikuwa na kitambaa cheusi mfukoni na chekundu mfukoni. Nikajifunika chekundu. Kukawa na minong'ono, nikaiacha inong'one.

Nikawaita Hermogenes na Primitiva wakae mahali pao. Habari ya nafasi sikuitaja. Tangu siku ile ya zizini nilikuwa nimeapa sitaitaja. Hermogenes akaangalia kushoto kwake, akamshika dada yake mkono, wakasogea wote wawili hatua moja ukutani. Pakabaki pengo la mtu mmoja, na maji ya paa yakawa yanadondoka ndani yake.

"Piga, shemeji," akasema.

"Hermogenes, tulia," nikasema. "Primi, tulia." Halafu nikajisikia nasema, kwa sauti ya kawaida, mbele ya mji mzima, "Na wewe Mama, usisogee."

Watu walidhani ni maombolezo, wakaanza kulia upya.

Alinitii. Katika maisha yetu yote ni mara ya kwanza.

Septemba 14

Tumekwenda mtoni wafiwa wote kuosha nywele kwa majivu ya mabua ya mpunga na pombe ya miwa, huzuni ichukuliwe na maji. Hermogenes aliinama karibu yangu, majivu yanamtiririka masikioni.

"Tulikuwa watatu, shemeji. Siku ile. Kuku hahesabiki."

"Mama alihesabu watano."

"Alisema tu."

"Hermogenes, yeye alihesabu kwa macho. Kioo kimeona. Alihesabu mpaka kichwa kikageuka. Nenda kaangalie."

Kisha akachukua kibuyu akanimwagia pombe iliyobaki kichwani, polepole, na mkono mwingine ananikinga macho.

Septemba 30

Mvua inapungua. Hakuna la kuandika. Chai imekuwa chungu.

Oktoba 14

Kesho kutwa posta inakwenda kwenye meli. Baada ya chakula nimeweka picha mbili mezani, na Hermogenes amekuja.

Ya kanisani ni kazi nzuri, nasema bila kujisifu. Kila uzi wa blauzi unaonekana, na hata alama za kitana kwenye nywele. Uso umetulia. Walio hai kandokando yake wametetemeka kidogo, Hermogenes zaidi. Ya pili ni ile ya nyuso mbili.

"Tuma hii," Hermogenes akasema. Aliweka kidole kwenye ile mbovu.

"Hiyo imeharibika, kaka. Ukutani kwangu nisingeitundika."

"Kwenye ile nyingine mama amekufa," akasema. "Kwenye hii anahangaika. Ndivyo alivyokuwa. Alituhangaikia mpaka siku ya mwisho." Akainama karibu na karatasi. "Halafu tazama. Nimetoka vizuri."

"Umetoka vizuri sana," nikasema. "Tazama Hermogenes."

Akajifanya anamwangalia jogoo wa pichani.

Nikavuta droo nikatoa ile picha ya suti nyeupe, mkasi na gundi. Nilikwisha kupima: safari hii nitamweka nyuma, sawa na wenzake, gitaa litakatwa. Nilikuwa nimeshafungua mkasi Primitiva alipoweka kiganja chake juu ya pengo, pale karibu na dirisha, pale ambapo ule uso wa pili wa mama yake umegeukia.

"Usimbandike," akasema.

"Patabaki wazi, Primi."

"Mama anapaangalia. Acha. Atajua mwenyewe pa kusimama."

Tukaifunga hivyo hivyo.

Oktoba 21, Jumapili

Jua, kutwa nzima.

Nilikaa mlangoni pa studio nikilitazama kwa hasira. Mchana akaja Hermogenes, shati jeupe, miguu imeoshwa, jogoo mkononi. Akasema anataka picha yake, ya peke yake, ya kutundika nyumbani. Nikamweka kitini, nikajifunika sketi ya mama yake.

"Tulia," nikamwambia. "Wewe wa katikati, nakuambia mapema. Tulia."

Hakutulia. Meno yake nimeyaona mara ya tatu.